Vazi Ambalo Nyanya Hakulivaa

Tuanze na hesabu, manake kwenye mambo ya asili watu hupenda kukimbilia hisia na kuziruka tarehe. Mwezi wa Julai 1825, meli ndogo iitwayo Restauration iling'oa nanga Stavanger, Norwei, ikiwa na watu 52, ikaelekea New York. Katika miaka mia moja iliyofuata, Wanorwei kama 800,000 walishika njia hiyo hiyo. Kisha mwaka 1903 mwandishi Hulda Garborg akachapisha kijitabu chake, Norsk klædebunad, akiwaelekeza wenzake jinsi ya kushona na kuvaa nguo za nchi yao. Kijitabu hicho ndicho kilichosaidia kulisambaza neno bunadi kwa maana inayotumika leo: vazi la sherehe lenye mizizi ya kijijini, kila bonde na lake.

Sasa ziweke tarehe hizo kando kwa kando. Wahamiaji wengi walikuwa wameshaondoka kabla kijitabu hakijatoka. Na bado, leo hii, kitukuu wa mmoja wao kule Iowa au Minnesota anajiandikisha darasa la kushona, ananunua sufu, anakaa miezi akitarizi maua kwenye kizibao. Ukimuuliza kwa nini, anasema anataka kumfikia mama wa nyanya yake. Mjini Decorah, Iowa, makumbusho ya Vesterheim yana hata shule ya sanaa za jadi ya Kinorwei kwa watu kama huyu. Ni jambo zuri. Shida ni moja tu: mama wa nyanya yake huenda hakuivaa bunadi hata siku moja. Alivaa nguo za kijijini kwao, ndiyo, lakini akifika Marekani aliziweka sandukuni upesi ili afanane na majirani. Na kama alitoka pande za Nordland, vazi ambalo kitukuu anashona lilibuniwa mwaka 1928.

Je, kitukuu anajidanganya? Wapo wanaosema hivyo, kwamba bunadi ni jadi ya kubuni na mambo yaishie hapo. Mimi naona jibu hilo ni la uvivu. Uhusiano upo, ila haupo mahali anapouonyesha yeye, na waandishi wengi wanaoisifu bunadi nao wanatuonyesha mahali hapo hapo pasipofaa. Wanatuonyesha mbele ya nguo. Mimi nataka tuigeuze.

Sijafika Norwei. Nilicho nacho ni picha za makumbusho yaliyofungua makabati yao mtandaoni, video za mafundi wanaoonyesha hatua baada ya hatua, na macho ya mtu aliyekulia karibu na cherehani, akifumua mishono ya watu kwa wembe. Kwa kazi hii macho hayo yanatosha kiasi.

Tazama bunadi ya kike ya Hardanger, ambayo katika karne ya 19 ilivaliwa na wengi kama vazi la taifa zima. Sketi nyeusi. Kizibao chekundu kilichoachwa wazi kifuani, na nyuma ya uwazi huo kitambaa kilichojazwa shanga. Aproni nyeupe yenye tarizi ya matundu: fundi anakata na kuchomoa nyuzi za kitambaa kwa kuhesabu, halafu anazifunga zilizobaki kwa uzi mweupe hadi matundu yenyewe yanakuwa maua. Blauzi nyeupe yenye marinda madogo madogo shingoni, na hapo shingoni pini ya fedha yenye vijisahani vinavyoning'inia na kulia mtu akitembea. Fedha hiyo haikuwa pambo tu. Wazee waliamini inawafukuza viumbe wa chini ya ardhi, na mtoto ambaye hajabatizwa alibandikwa pini ya fedha ili viumbe hao wasimchukue na kumwachia mama mtoto wao. Msomaji wa pwani aliyewahi kuona mtoto mchanga amefungwa hirizi hahitaji maelezo zaidi.

Hiyo ndiyo mbele, na mbele ndiyo inayoingia kwenye picha. Mwaka 1848 wachoraji wawili, Adolph Tidemand na Hans Gude, walichora Brudeferd i Hardanger, msafara wa harusi kwenye mashua. Gude alichora milima na maji, Tidemand akachora watu. Bibi harusi amevaa taji, maji yametulia, kila kitu kinang'aa. Ni mchoro mzuri na ndio uliowafundisha Wanorwei wa mjini jinsi ya kumtazama mkulima: kwa mbali, siku ya sherehe, akiwa ameoga. Hakuna mtu ndani ya mashua ile anayeshona. Hakuna aliyekesha akimalizia aproni. Nguo zimeshuka kutoka mbinguni zikiwa zimepigwa pasi. Uandishi mwingi kuhusu bunadi bado umekaa ndani ya mashua hiyo.

Garborg alijaribu kutoka humo, na hilo lazima tumpe. Kijitabu chake kina hoja za mtu anayejua bei ya vitu. Alitaka nguo zishonwe kwa sufu ya nyumbani badala ya vitambaa vya fasheni kutoka nje, zivalike, zisimfilisi mtu. Alizunguka nchi akifundisha ngoma za asili, na vijana waliojifunza ngoma ndio walioshona mavazi ya kuchezea. Yaani bunadi ilisambaa kwa miguu ya wachezaji na sindano za nyumbani kabla haijafika dukani. Ilikuwa kazi ya siasa pia, na hakuficha. Norwei ilikuwa chini ya Denmaki kwa karne kadhaa hadi 1814, ikaingia muungano na Uswidi, na muungano huo ukavunjika 1905, miaka miwili tu baada ya kijitabu. Kuvaa bunadi wakati huo ilikuwa ni kusema uko upande gani.

Lakini hebu tazama namna alivyofanya kazi. Alichukua kizibao cha bonde hili, akalitoa hili, akaongeza lile, akasafisha. Njia hii Norwei ilikuwa inaijua tayari kutoka kwenye lugha. Mwaka ule ule wa 1848, wa mchoro wa mashua, Ivar Aasen alichapisha sarufi ya lugha ya watu wa Norwei. Alikuwa amezunguka vijijini akikusanya lahaja, na baadaye akazishona pamoja zikawa lugha moja ya kuandikia, ile inayoitwa nynorsk leo. Garborg na mumewe Arne waliandika kwa lugha hiyo na kuipigania. Bunadi ni nynorsk ya mwilini. Kila kipande kina kwao, ila jumla yake ni kazi ya mezani.

Hapo ndipo mimi, mwandishi wa Kiswahili, nakosa ujasiri wa kucheka. Mwaka 1928, mwaka wa bunadi ya Nordland, mkutano uliofanyika Mombasa ulipendekeza Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na 1930 ikaundwa kamati ya kukisimamia. Kimvita, lahaja ya mji ule ule uliofanyiwa mkutano, yenye mashairi ya karne na karne, kikaachwa pembeni. Lugha ninayoandikia sasa hivi ilikatwa na kuungwa na wanakamati. Hakuna nyanya wa mtu aliyeizungumza vile vile ilivyo vitabuni. Je, si yangu? Ni yangu, kwa sababu watu wameitumia, wakaichafua, wakaipeleka ilikotaka kwenda. Kwa hiyo anayeniambia bunadi ni feki kwa kuwa ilitungwa, namuuliza anaongea lugha gani nyumbani.

Baada ya Garborg akaja Klara Semb, aliyetaka uhakika zaidi. Kwake haikutosha vazi kupendeza, ilibidi lithibitishwe kwa nguo za zamani zilizobaki. Mwaka 1947 ikaundwa kamati ya taifa ya kushauri kuhusu bunadi, na leo kazi hiyo inafanywa na taasisi iliyoko Fagernes, bondeni Valdres. Taasisi hiyo ina hazina kubwa ya picha, vipimo na maelezo ya nguo za zamani. Bunadi huwekwa kwenye makundi 5 kulingana na historia yake. Kundi la kwanza ni mavazi ambayo hayakuwahi kuacha kuvaliwa, yakapita moja kwa moja kutoka nguo ya kijijini hadi bunadi. La pili ni yale yaliyotoka kwenye vazi maalumu lililokuwa limeshaachwa. La tatu yameundwa upya kwa kufuata nguo zilizohifadhiwa. La nne yametokana na vipande vipande visivyotimia. La tano yamebuniwa, yote au sehemu.

Kama kumbukumbu, makundi haya ni kazi safi. Yanakuambia ukweli kuhusu unachokishika. Ile bunadi ya Nordland, kwa mfano, ilitokana na kipande cha kitambaa cha mwaka 1750 hivi kutoka Vefsn. Kipande tu, nguo nzima ikajengwa juu yake. Ni vizuri mtu ajue hivyo. Tatizo linaanza pale kumbukumbu inapogeuzwa mizani ya kupimia watu. Wanorwei wenyewe wana jina la wanaofanya hivyo: polisi wa bunadi. Ni yule mama anayekusimamisha tarehe 17 Mei, sikukuu ya katiba, kukwambia viatu vyako si vyenyewe, miwani ya jua haivaliwi na bunadi, hereni hizo umezitoa wapi. Sisi tunamjua. Kwetu anasahihisha sarufi kwenye matanga.

Na anachokilinda polisi huyo hakikuwahi kuwepo. Fungua nguo za kijijini zenyewe, zile za karne ya 18 zinazotumiwa kama ushahidi, uzikague kitambaa kwa kitambaa. Utakuta sufu ya kung'aa iliyofumwa Norwich, Uingereza. Utakuta vitambaa vya hariri vya kichwani vilivyoletwa na meli, na rangi ya nili ambayo haikuota kwenye bonde lolote la Norwei. Mwanamke wa kijijini akiuza siagi na kupata hela, alinunua kitu kizuri kilichotoka mbali na kukishonea kwenye sufu ya kondoo wake. Alikuwa na macho ya soko. Usafi ulikuja baadaye, na watu waliosoma.

Kuna jambo zito zaidi ambalo sifa za bunadi huliruka. Kwenye ardhi hiyo hiyo wapo Wasami, na vazi lao, gakti, si bunadi. Wakati Garborg anawahimiza Wanorwei wavae nguo za mababu, serikali ilikuwa inaendesha sera ya kuwafanya Wasami kuwa Wanorwei. Shuleni watoto walifundishwa kuona haya lugha yao, na sehemu nyingi za pwani ya kaskazini gakti ilipotea kabisa, familia zikaacha hata kusema kwamba ni za Kisami. Tume ya ukweli na maridhiano iliyoundwa na Bunge la Norwei ilikabidhi ripoti yake Juni 2023, na sera hiyo ndiyo iliyokuwa kiini chake. Sasa soma upya yale maneno ya kushona ili kuungana na asili. Kwa kitukuu wa Minnesota ni hamu, na hamu si kosa. Kwa Msami wa pwani anayeiunda gakti upya kutoka kwenye picha iliyofifia na kipande kimoja kilichobaki makumbusho, ni kurudisha kitu kilichonyang'anywa. Sindano ni ile ile na uzi ni ule ule, lakini mmoja anafunga pengo lililoachwa na safari, mwingine anafunga lililoachwa na serikali. Mhakiki anayewaweka wote wawili chini ya neno moja la urithi amewapunja wote wawili.

Halafu kuna pesa. Garborg alitaka nguo isiyomfilisi mtu. Leo bunadi kamili pamoja na fedha yake hufika makumi ya maelfu ya krona. Kwa shilingi zetu hizo ni laki kadhaa. Familia nyingi humpa binti bunadi anapofanya kipaimara, akiwa na miaka 14 au 15, na mashangazi na nyanya wanachangishana. Mwingine hana mashangazi wa kuchanga. Ili bei ishuke, kampuni kadhaa hupeleka kazi ya kutarizi nje ya nchi, China na kwingineko, na kila mara jambo hilo likijulikana kunakuwa na kelele: bunadi ya China ni bunadi kweli?

Swali hilo linaulizwa vibaya. Nguo itakuwa sawa, pengine itakuwa nzuri zaidi, maana fundi anayetarizi kila siku ana mkono mwepesi kuliko wa mtu anayetarizi mara moja maishani. Swali langu ni ujuzi unabaki kwa nani. Mnorwei aliyenunua ana vazi. Mwanamke wa China ana mkono unaojua jani la Hardanger linaanzia wapi na uzi unageukia wapi. Yeye ndiye mrithi, kwa maana halisi kabisa ya kazi, na hakuna atakayemwalika tarehe 17 Mei. Mwaka 2024 UNESCO ilipoiingiza bunadi kwenye orodha yake ya urithi usioshikika, kilichoandikwa ni ufundi wake na desturi ya kuivaa. Urithi usioshikika! Maana yake kilichotambuliwa ni mikono na mazoea, nguo iko pale kama ushahidi tu. Nadhani ni sentensi ya kiserikali iliyosema ukweli kuliko makala nyingi za fasheni.

Kwa hiyo turudi kwa kitukuu na darasa lake la kushona, na tuigeuze nguo kama nilivyoahidi. Ndani ya kizibao kuna bitana. Kwenye mishono ya ubavuni kuna kitambaa cha akiba, kingi kuliko anachoacha fundi wa nguo za dukani, na kwenye pindo la sketi pia. Akiba hiyo imeachwa makusudi. Msichana wa miaka 15 atanenepa, atazaa, atapungua, atafariki, na nguo itaenda kwa mwingine mwenye kiuno tofauti. Kila mara fundi atafumua, atasogeza, atashona tena. Bunadi iliyokaa kwenye familia ina alama za sindano za mishono iliyohama, mstari juu ya mstari. Hizo alama ndizo maandishi yake. Mbele inasema jina la bonde. Ndani inasema miili iliyopita humo.

Hapa ndipo ulipo uhusiano ambao kitukuu anautafuta. Mama wa nyanya yake hakuivaa bunadi, lakini alishona, maana mwanamke maskini wa kijijini wa wakati ule hakuwa na hiari. Alijua kukunja marinda, kupinda pindo, kuacha akiba kwa sababu kitambaa ni ghali na watoto wanakua. Kitukuu anapokaa mwezi wa tatu mbele ya tarizi ile ile, shingo inauma, ameshajichoma kidole mara kumi, anaifahamu jioni ya yule mama kuliko mchoro wowote unavyoweza kumfahamisha. Anafahamu uchoshi wake. Hilo halimo kwenye kundi la kwanza wala la tano.

Ila uhusiano huo una masharti, na wanaouza hadithi ya asili hawayataji. Wa kwanza ni kwamba hauji kwa damu. Binti aliyezaliwa Oslo na wazazi kutoka Mogadishu akikaa mwezi wa tatu mbele ya tarizi hiyo, atapata kile kile, shingo na kidole. Kama urithi ni ujuzi, basi anayejifunza anaupata, na polisi wa bunadi hana pa kusimama. Wa pili ni kwamba aliyenunua hana budi kukubali kwamba amenunua. Hiyo si dhambi, nguo nyingi duniani zimenunuliwa. Asiseme tu kwamba ameshona.

Na nguo ikishavaliwa, ifanye kazi. Mwaka 2019, wanawake wa Kristiansund waliokuwa wanapinga kufungwa kwa wodi ya wazazi hospitalini kwao walivaa bunadi zao wakaingia barabarani, wakajiita waasi wa bunadi, na wanawake wa sehemu nyingine wakawaiga. Vazi la bibi harusi wa kwenye mashua, limesimama mvua ikinyesha, likidai mahali pa kuzalia. Hakuna aliyeuliza viatu. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo picha ya kuning'inizwa karibu na ile ya Tidemand na Gude, kwa sababu waliovaa walijua kwamba nguo iliyoachiwa akiba kwa ajili ya mimba haiwezi kunyamaza wodi ikifungwa.

Ninachoomba kwa wanaoandika kuhusu bunadi ni kitu kidogo. Mkituonyesha picha, tuonyesheni na ndani. Mkitaja bonde, tajeni na fundi, awe wa Valdres, wa Decorah au wa China. Na kitukuu akimaliza kizibao chake, achukue uzi aandike jina lake na mwaka kwenye bitana, mahali pasipoonekana, ili siku moja atakayekuja kufumua ubavu ajue alifuata mshono wa nani.